Fundi Konde Alirudi na Mvi

Kila nikisema nimeanza tena kupiga gitaa, lazima mtu aniulize nina miaka mingapi. Niko 26. Niliacha miaka sita tu, lakini kwa hii Nairobi ukipotea kidogo watu washakuandikia tanzia. Wacha basi niwaambie habari ya Fundi Konde.

Huyu mzee alizaliwa Pwani mwaka wa 1924. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta kijana, akawa kwenye kikosi cha burudani cha King's African Rifles, wale waliokuwa wakiwapigia askari muziki. Vita vikaisha, akarudi nyumbani na gitaa likawa kazi. "Tausi", "Mama Sowera", "Majengo Siendi Tena", zote ni zake. Sauti imetulia, Kiswahili cha Pwani kisicho na haraka, gitaa linajibu taratibu. Mimi nikisikiza naona hata watu wa bongo fleva wana deni lake, lakini hiyo tubishane siku ingine.

Halafu kimya. Miaka ya 60 rumba ya Congo ilishika mji, twist ikaja, benga ikapanda. Fundi Konde akawekwa zilizopendwa. Hilo neno ni heshima, sawa, lakini pia ni kabati: unafungiwa humo na bado uko hai.

Waliofungua kabati ni Them Mushrooms, hao wa "Jambo Bwana". Walimtafuta, wakapiga naye nyimbo zake upya. Mwaka wa 1994 lebo ya RetroAfric ya London nayo ikatoa "Retrospective", rekodi zake za 1947 hadi 1956. Piga hesabu. Jamaa alikuwa anagonga 70.

Hapa ndipo sikubaliani na wale wa kutuhamasisha kila asubuhi, eti ukiwa na moyo utarudi tu. Moyo gani bila studio? Fundi Konde alihitaji bendi ya vijana yenye jina, na santuri ambazo kuna mtu hakuzitupa. Na hata hivyo alipata miaka michache tu. Alifariki mwaka wa 2000.

Sasa wale wa enzi yake ambao hakuna aliyewatafuta? Mtaani kwenu hakosi mzee aliyewahi kupiga kwa bendi. Anza na "Tausi" usiku wa leo, halafu kesho umuulize kama gitaa bado liko.