Akina Mama wa Karema

Ukiifuata barabara ya Mpanda kwenda kusini, ukapita Sitalike na Hifadhi ya Katavi, ukaziacha nyuma Kibaoni na Usevya, unaingia Majimoto: mashamba ya mpunga pande zote, na chemchemi za maji ya moto zilizokipa kijiji jina. Ukatoliki ulioota mizizi katika bonde hili ulitokea magharibi, ng'ambo ya milima, Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Na historia ya Karema, kila inaposimuliwa, husimuliwa kwa majina ya wanaume. Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo chake hapo mwaka 1879. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe wa Kardinali Lavigerie. Kisha maaskofu wanafuatana: Charbonnier, Bridoux, Lechaptois, Birraux, van Sambeek. Sina ugomvi na orodha hiyo. Lakini askofu hazai Wakristo. Anayemfundisha mtoto ishara ya msalaba kabla hajajua kuhesabu ni mama yake, na mama hao nao wana historia yao.

Wa kwanza walikuwa wake wa kijiji cha misheni. Karema ya mwanzo ilijaa watu waliokombolewa katika misafara ya watumwa, wengi wao watoto. Walipokua, mapadre waliwaozesha, wakawapa viwanja na mashamba, na ndoa hizo ndizo zilizofanya kituo kiwe mji. Adrian Atiman, katekista na tabibu ambaye jina lake halijasahaulika kandokando ya ziwa, naye alikuwa mtoto aliyekombolewa: alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa kuvuka jangwa la Sahara, akanunuliwa na wamisionari, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu hapo mpaka kifo chake mwaka 1956. Huyo anajulikana. Mkewe hajulikani sana: Agnes Wansabira, binti wa mtemi wa Wabende. Fikiria uzito wa ndoa hiyo. Binti wa ikulu anaolewa na mgeni asiye na ukoo wala ng'ombe, ambaye hakuna shangazi wala mjomba wa kumsemea. Mume hakuwa na ndugu hata mmoja nchi hii, kwa hiyo ukoo wote wa watoto ulikuwa upande wa mama. Mwana wao Joseph alipata upadre mwaka 1923. Mama akalitolea Kanisa mwana ambaye hangemletea wajukuu.

Ng'ambo ya pili ya ziwa, Mpala, kulikuwa na Agnes mwingine, Agnes Atakaye, aliyeolewa mwaka 1888 na Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa. Joubert hakurudi kwao tena. Alifia huko Kongo mwaka 1927. Kwa wanaume hawa wawili, Afrika hii iligeuka kuwa kwao kwa sababu kulikuwa na mwanamke aliyewasha moto jikoni.

Kisha wakaja Masista Weupe. Shirika lao lilianzishwa na Lavigerie huko Algeria mwaka 1869, na mwaka 1894 msafara wao wa kwanza uliondoka pwani kuja bara, kwa miguu. Kabla karne haijaisha walikuwa Karema. Walitoka Ufaransa, Ujerumani, Ubelgiji, Kanada, na wengi walitoka Uholanzi, ambako walikuwa na nyumba yao katika kijiji cha Esch, mkoani Brabant. Brabant ilikuwa nchi ya wakulima, na wakati ule familia ya watoto kumi haikuwashangaza watu. Jioni mama aliwapigisha magoti wote wakasali rozari, wakubwa kwa wadogo. Wakatoliki wa Uholanzi walikuwa wamekaa muda mrefu chini ya serikali ya Waprotestanti, maaskofu wao wakarudishwa mwaka 1853 tu, na furaha ya kurudishiwa heshima ilimiminika katika umisionari. Kufikia katikati ya karne ya 20, karibu mmisionari mmoja Mkatoliki kati ya kumi duniani alikuwa Mholanzi, na nchi yenyewe ni ndogo kuliko mkoa wa Katavi.

Kule Brabant, mama mwenye binti sista aliheshimiwa kanisani. Lakini heshima haifuti machozi. Katika miaka ya mwanzo, sista aliyepanda meli aliwaaga wazazi wake akijua kwamba huenda ndiyo mara ya mwisho kuonana.

Ufipa, kusini mwa Karema, jambo hilohilo la kuachana na binti lilikuja bila heshima yoyote. Mwaka 1907 Askofu Lechaptois alianzisha Karema shirika la masista Waafrika, ambao leo ni Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Binti aliyetaka kuingia alikutana na ukuta nyumbani. Hataolewa, kwa hiyo mahari haipo. Hatazaa, kwa hiyo jina la bibi halirithiwi. Na uzeeni mama yake atamtegemea nani? Mapadre waliuona upinzani huu kuwa giza la upagani. Mimi nauona kuwa upendo, na hoja zake zilikuwa za kweli. Wazazi walijua hesabu ya ukoo kuliko padre asiyekuwa na watoto. Hata hivyo mabinti walikwenda, wengine kwa kutoroka, na baada ya miaka mama yuleyule aliyekataa alikuja kumtembelea mwanawe konventi, akiwa na unga wa ulezi kichwani. Hapo mama wa Ufipa na mama wa Brabant walikuwa kitu kimoja, ingawa hawakuonana kamwe.

Mabinti hao hawakukosa watoto. Masista walizalisha, walilea wachanga waliofiwa na mama zao, walifundisha wasichana kusoma, kushona na kutunza nyumba, na watu wakawaita mama bila kulazimishwa.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Lechaptois alifia Karema mwaka 1917. Mholanzi Joannes van Sambeek akawa askofu wa eneo hili kuanzia 1936 hadi 1946, kisha akahamia Kigoma. Baadaye akaja Askofu Msakila, mwana wa nchi. Makao ya jimbo yakahamia Sumbawanga, na mwaka 2000 likazaliwa Jimbo la Mpanda. Ukiingia kanisani Majimoto Jumapili utawakuta WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, katika vitenge vyao: Wapimbwe, Wafipa, na Wasukuma waliohamia bondeni na mifugo yao, wageni wa juzi ambao watoto wao ni wenyeji.

Jambo moja lifanyike mapema. Kila parokia ina kitabu cha ubatizo, na katika kila mstari jina la mama limeandikwa pamoja na la baba. Karema, na parokia zote zilizozaliwa kwake, zina safu nzima ya majina hayo, mwaka hadi mwaka. Makatibu wa parokia wayanakili, na vijana wakawaulize bibi zao ni nani alikuwa nani, maana wanaowakumbuka masista wa kizungu kwa nyuso zao wanazidi kupungua. Waanze na ukurasa wa kwanza.