Namba iliyochukua nafasi ya kilo

Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, ambako magari ya barabara kuu iendayo Zambia husimama kununua vitunguu, mkulima huibiwa pale gunia linapofungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita kiasi. Kinga yake ni mizani. Mizani huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kwa mawe maalumu, na mawe hayo nayo hulinganishwa na mengine bora zaidi, hadi kwenye maabara ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kuvuka mipaka.

Tangu mwaka 1889, safari hiyo iliishia Sèvres, jirani na Paris. Humo ndani ya sefu yenye funguo tatu, chini ya vifuniko vya kioo, kilitunzwa kipande cha platini na iridi chenye kimo na kipenyo cha milimita 39. Hicho ndicho kilikuwa kilo ya dunia. Kilipolinganishwa na nakala zake miaka ya 1988 hadi 1992, nyingi zilionekana kuachana nacho kwa takriban mikrogramu 50, pungufu ya chembe moja ya sukari. Kipi kilikuwa kimebadilika? Hakuna aliyeweza kujibu, na hilo kwangu lilikuwa tatizo kubwa kuliko tofauti yenyewe.

Suluhisho la tatizo hilo lilikuwa limeanzia Berlin. Desemba 14, 1900, Max Planck alieleza kuwa nishati ya mwanga wa kitu cha moto huenda kwa mafungu, na ukubwa wa kila fungu hutegemea namba moja isiyobadilika, h. Thamani ya h aliyoikokotoa ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 1 tu. Mwaka 1916 Robert Millikan aliipima tena kwa kumulika metali.

Kuiunganisha namba hiyo na uzito ni kazi ya Mwingereza Bryan Kibble, aliyebuni mizani yake mwaka 1975. Koili ya waya huning'inia kwenye sumaku. Kwanza umeme hupitishwa ndani yake mpaka nguvu yake ilingane na uzito wa jiwe. Kisha koili husogezwa, na volti inayozaliwa hupimwa. Vipimo hivyo vya umeme hutegemea ugunduzi wa Brian Josephson na Klaus von Klitzing, na ndani yake mna h.

Novemba 16, 2018, mjini Versailles, mataifa yalipiga kura kubadili maana ya kilo. Kuanzia Mei 20, 2019, h ni 6.62607015 × 10⁻³⁴ joule-sekunde kamili, na kilo hupatikana kutokana nayo. Maabara yoyote yenye mizani ya Kibble inaweza kuipata kilo bila kusubiri sefu ya Sèvres ifunguliwe.