Njia ya Bagamoyo na Ujiji

Katika karne ya 19, njia kuu ya kwenda bara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ilikuwa safari ya miguu ya zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa na shanga kwenda bara na pembe za ndovu kurudi pwani. Watumwa nao walipitishwa humo humo, wakiwa wamefungwa.

Njia hiyo haikuwa na kokoto wala madaraja. Iliishi kwa nyayo za wasafiri, kwa visima, na kwa wenyeji waliouza chakula.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikahamia kwenye mabehewa, na kazi ya wapagazi ikafifia. Lakini tunaona jambo jingine: reli ilianzia Dar es Salaam, ikaiacha Bagamoyo, ilipita Gulwe, ikaiacha Mpwapwa kando, ikaishia Kigoma, jirani na Ujiji. Tabora ilipata stesheni, ikabaki mji mkubwa. Kwa hiyo walioamua reli ipite wapi waliamua pia miji ipi isahaulike.

Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa kimeshasafiri na misafara hadi ng'ambo ya ziwa, Kongo. Njia imeota nyasi, lakini lugha iliyopita humo tunaizungumza hadi leo.