Biblia Mara Nne Katika Nchi ya Manyema

Tarehe 3 Oktoba 1871, alipokuwa njiani akirudi Ujiji, Daktari David Livingstone aliandika katika kitabu chake cha safari kwamba muda wote aliokaa katika nchi ya Manyema alikuwa ameisoma Biblia nzima, mwanzo hata mwisho, mara nne. Hakueleza zaidi ya hapo. Aliitaja habari hiyo kwa maneno machache kama mtu atajavyo hali ya mvua, kisha akaendelea na mambo mengine. Lakini kwetu sisi tunaotafuta asili ya desturi ya Mkristo kukaa na Maandiko na kuyatafakari hata yakamgeuza mawazo na mwenendo, maneno hayo machache yana thamani kubwa, kwa kuwa hayo ndiyo ya mapema kuliko yote tuyajuayo yanayotuonyesha mtu akifanya hivyo katika jimbo hili la Kongo ambalo leo mji wake mkuu ni Kindu.

Alifika Bambarre, upande wa Kabambare ya leo, tarehe 21 Septemba 1869. Mwezi wa Juni mwaka uliofuata alijaribu kuendelea hadi mto Lualaba akiwa na watu watatu tu waliosalia naye, yaani Susi, Chuma na Gardner. Lakini vidonda vya miguu vilimshika hata hakuweza kukanyaga chini, akarudi Bambarre mwezi wa Julai, akawekwa ndani kwa siku themanini. Karatasi zilimwishia, dawa hakuwa nayo, barua kutoka pwani hazikuja. Aliyemsitiri na kumlisha katika masiku hayo alikuwa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa, Mwislamu mwenye kushika dini yake, ambaye tangu zamani alikuwa amemtendea Mskoti huyo wema mkubwa, hata mwaka 1869 Livingstone alipougua mapafu, akaamuru abebwe kwa machela mpaka Tanganyika. Basi Zaburi na Injili zilizosomwa Manyema mara nne zilisomwa katika kambi ya Bogharib, na msomaji wake alikuwa akila chakula kilichonunuliwa kwa faida ya biashara ile ile aliyokuja kuipiga vita. Livingstone alilijua jambo hilo, na lilimchoma moyo.

Haifai kudhani kuwa ni upweke na ugonjwa tu uliomfundisha kusoma hivyo. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa huko Blantyre ya Uskoti, mwalimu wake wa kanisani alimpa Agano Jipya kuwa zawadi kwa sababu aliisoma kwa moyo Zaburi ya 119, yenye aya 176, kwa jioni mbili mfululizo, akikosea mahali patano tu. Zaburi hiyo, iliyo ndefu kuliko zote, haina hadithi wala historia ndani yake. Toka mwanzo hadi mwisho huzungumza juu ya mtu anayelishika neno la Mungu, analiwaza mchana na usiku, anajipima kwalo katika njia zake. Mwaka uliofuata akaingizwa kazini katika kiwanda cha pamba, na huko alikuwa akisimamisha kitabu juu ya mtambo, akasoma sentensi moja moja kila alipopita mbele yake. Mtu aliyezoezwa hivyo hachoki upesi na kurasa zile zile. Hata mwezi wa Januari 1856, alipofika mahali mto Loangwa unapoingia Zambezi na kuhofu kwamba wenyeji watamwua asubuhi, alijituliza kwa aya moja tu, ile ahadi ya mwisho katika Injili ya Mathayo, akaamua kutovuka kwa siri usiku, akavuka mchana kweupe.

Desturi yenyewe ni kongwe mno kuliko Uskoti, na chimbuko lake limo katika bara letu. Huko Misri, katika karne ya tatu, kijana Antonio aliingia kanisani akasikia ikisomwa ile aya ambayo Bwana anamwambia tajiri auze alivyo navyo. Akaichukua kama kwamba imesemwa kwake yeye, akaenda akauza, akakimbilia jangwani. Katika karne iliyofuata Pakomio, naye mtu wa Misri, aliwawekea watawa wake sheria ya kwamba asiwepo ndani ya nyumba zao mtu asiyekariri kwa moyo sehemu ya Maandiko, angalau Zaburi na Agano Jipya, ili mikono ikiwa inasuka mikeka midomo nayo iwe inatamka. Nimeitaja habari hii kwa sababu wako watu wanaofikiri kutafakari Maandiko ni kazi ya msomi mwenye kiti na taa. Ilhali walioianzisha wengi wao hawakuwa na kitabu chao wenyewe.

Turudi Manyema. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, kando ya Lualaba, katika soko lililojaa wanawake waliokuja na samaki, mihogo na vyungu. Watu wa misafara ya Dugumbe, mfanyabiashara, walianza kufyatua bunduki sokoni. Wengi walikufa kwa risasi na wengi zaidi kwa maji, walipojitupa mtoni, na wafanyabiashara wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Azma ya kwanza ya Livingstone ilikuwa kutwaa bastola na kuwapiga wauaji. Dugumbe akamzuia, akimwonya asijitie katika kisasi cha damu, naye akakubali. Akatuma watu wake na bendera ili wawaokoe waliowezekana kuokolewa, kisha siku tano baadaye akaondoka, akakataa kufuatana nao tena. Mara nne za Biblia zimo ndani ya siku hiyo, katika ghadhabu yake na katika kujizuia kwake. Lakini isomwe vilevile katika udhaifu wake, maana hakuwa na nguvu ya kuzuia chochote.

Na tusimfanye malaika. Katika Nyangwe aliandika habari zake juu ya magazeti makuukuu, kwa wino alioutengeneza kwa mmea wa huko, na wino huo ukafifia hata usisomeke. Kitabu cha safari zake za mwisho kilichochapwa London mwaka 1874, baada ya kifo chake, kilitolewa katika nakala nyingine aliyoiandika upya kwa utulivu na kuisafisha. Mwaka 2011 wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki walitangaza hati ya magazeti iliyosomwa kwa mianga ya namna namna, na hapo tukauona uso wa Livingstone mwenye hasira nyingi, mwenye maneno makali mno juu ya wale watu kumi waliotumwa kwake kutoka Unguja, ambao walikuwa watumwa wa Mabaniani. Tena wataalamu hao wakaona pana shaka kwamba baadhi ya watu wake mwenyewe waliwahi kushiriki maovu waliyoyakuta njiani. Mimi siioni hati hiyo kuwa inampunguzia heshima. Inatuonyesha kwamba Maandiko yalikuwa yakifanya kazi ndani ya mtu mwenye damu na uchungu, na kwamba kazi hiyo ilikuwa haijakwisha.

Habari ya Nyangwe ilifika Uingereza mwaka 1872 kwa mkono wa mwandishi wa habari Stanley, na ilikuwa moja ya sababu zilizoisukuma serikali ya huko kumtuma Sir Bartle Frere kwa Sultani Barghash wa Unguja. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani akatia sahihi mkataba, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule, siku ya Krismasi, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale pa soko, Mkunazini. Aliyelijenga, Askofu Edward Steere, ndiye huyo huyo aliyekuwa akiyatia Maandiko katika Kiswahili cha Unguja na kuyapiga chapa kwa msaada wa vijana waliokombolewa utumwani. Kabla yake, huko Mombasa mwaka 1844, mmisionari Krapf alikwisha kuanza na kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyi al-Din. Steere alimaliza Agano Jipya mwaka 1879, akafa 1882, na Biblia nzima ikatoka 1891. Hivyo damu iliyomwagika kando ya Lualaba ilisaidia kufungua kiwanja ambacho karibu yake kitabu kilikuwa kikichapwa kwa lugha ya Lualaba. Sijui jimbo jingine la Kongo lenye uhusiano wa namna hii na kitabu chake kitakatifu.

Nasema lugha ya Lualaba kwa kuwa Kiswahili kiliingia Manyema pamoja na misafara, kabla ya msalaba na kabla ya bendera ya Leopold. Kasongo na Nyangwe zilipoanguka mwaka 1893 katika vita vya Wabelgiji na Waarabu, lugha haikuanguka. Ilibaki sokoni, ikapanda meli za mtoni, na reli ya CFL ilipounganisha Kindu na Kongolo ikasambaa na makarani na wafanyakazi wa njia ile. Ilibaki pia katika vyuo vya Kurani, na huku Manyema mtoto wa Kikristo hukua akisikia ng'ambo ya ua sauti za watoto wenzake wakihifadhi sura kwa moyo kabla hawajajua maana yake. Msomaji wa pwani hatastaajabia hilo. Kwa maoni yangu ujirani huo umewafaa Wakristo wa Kindu kuliko wanavyokiri wenyewe, maana katika mji ambao jirani hulisikia neno takatifu kwanza kwa sikio na kulitunza kifuani, hakuna anayehitaji kufundishwa kuwa kukariri ni ibada.

Kiswahili cha Steere, hata hivyo, hakikukaa vizuri sana vinywani mwa watu wa bara. Mmisionari C. T. Studd, aliyewahi kuwa mchezaji mashuhuri wa kriketi Uingereza kabla ya kuacha mali yake, aliingia Kongo mwaka 1913 akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, na kabla ya kufa kwake Ibambi mwezi wa Julai 1931 alikuwa amelitia Agano Jipya katika Kingwana, yaani Kiswahili cha bara, chepesi ambacho mtu wa kijijini angeweza kukifuata. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kusoma, kisha akayapeleka aliyoyapata kwa watu waliokusanyika asubuhi. Ukali wake uliwagawa hata wenziwe wa kazi, na wengi waliompenda walishindwa kukaa naye. Ni kumbukumbu nzuri kwa mtu anayedhani kuamka mapema kunatosha.

Upande wa mashariki, huko Uganda, njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1929, Namirembe, Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikaa pamoja wakayachunguza Maandiko kwa siku mbili, na kutoka hapo, kupitia Gahini ya Rwanda katika miaka ya 1930, ukatoka uamsho wa Balokole, yaani waliookoka. Waliokuwamo walijulikana kwa kusoma pamoja na kuungama mbele ya wenzao. Lakini walijulikana zaidi kwa jambo ambalo majirani wasioamini waliliona kwa macho, yaani kurudisha vitu walivyoiba miaka mingi nyuma na kwenda kutaka radhi kwa waliowakosea. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa nyakati zote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha Mukono kwa kuhubiri asubuhi bila ruhusa. Mashariki ya Kongo ilikuwapo tayari mbegu ya Kianglikana iliyopandwa Boga tangu 1896 na Apolo Kivebulaya, Mganda aliyetembea kwa miguu mpaka msituni na kufia huko 1933, na kanisa lililokua kutokana na kazi yake ndilo lililopata dayosisi ya Kindu mwaka 1997. Wakatoliki walikuwa na dayosisi yao hapo tangu 1959, na Wamethodisti, waliofika Wembo Nyama mwaka 1914 na baadaye Tunda, waliifanya Kindu makao ya askofu wao wa mashariki mwaka 2012. Viti vitatu vya uaskofu katika mji mmoja wa mtoni, na misikiti kati yao.

Katika makanisa hayo desturi ya kutafakari peke yako ipo, na wazee huipenda. Lakini iliyotia mizizi zaidi ni ya jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Kongo waliamua mwaka 1961 kuzitegemeza parokia juu ya jumuiya hai za msingi, ambazo mashariki huitwa shirika. Nyumba chache za mtaa mmoja hukutana kila wiki, husoma Injili ya Jumapili ijayo, na mahali pengi hufuata zile hatua saba zilizotungwa na Chuo cha Lumko cha Afrika Kusini. Katika hatua ya tatu kila aliyeguswa na neno hulitamka kwa sauti, tena na tena, wala hapo hapana tofauti baina ya mama asiyejua herufi na mwalimu wa sekondari, kwa kuwa wote wawili wamesikia. Hufuata kimya. Kisha watu husema waliyoyaona moyoni, bila kujibizana wala kuhubiriana. Hatua ya sita ni kazi: mgonjwa wa kuangaliwa, paa la mjane, ugomvi wa mipaka ya shamba, mtoto aliyeacha shule kwa kukosa ada. Hiyo ndiyo aghalabu inayochukua muda mrefu kuliko zote, kwa sababu kabla ya kugawa kazi mpya huulizwa habari za ile iliyoagizwa wiki iliyopita: nani alikwenda, akakuta nini, na yule mwingine aliyeahidi kwenda, kilimzuia nini.