Kalenga ilianguka kwa siku moja, Uhehe kwa miaka minne

Ndugu zangu wana-Iringa, kila tunapokutana kwenye harambee zetu husimuliwa mambo mawili: Lugalo na Mlambalasi. Watoto wetu wanajua kwamba tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walimvamia Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, wakamuua pamoja na Wazungu wengine 9 na askari wapatao 250. Wanajua pia kwamba Mtwa Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi mwaka 1898 kuliko kukamatwa. Yaliyopita katikati tunayaruka, na huko katikati ndiko nchi ilikochukuliwa.

Wengi husema tulishindwa na mzinga. Ni kweli kwa Kalenga. Gavana Friedrich von Schele alikuja na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 askari wakiongozwa na Tom von Prince waliuingia ukuta ambao Mtwa aliuamini sana. Lakini Schele hakukaa. Alichukua alichoweza akageuza kurudi pwani, na njiani Wahehe wakamshambulia tena. Mtwa alikuwa hai, na watu walimtii. Bunduki ilivunja boma, haikutoa amri iliyosikilizwa hata kijiji cha pili.

Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani, alirudi mwaka 1896 na akili nyingine. Hakutafuta vita kubwa. Alijenga boma jipya kilimani, akakaa, akawaita wanzagila mmoja mmoja. Aliyejisalimisha alirudishiwa eneo lake na watu wake. Asiyekuja, kijiji chake kilichomwa, ng'ombe na wanawake wakachukuliwa. Merere wa Usangu akarudishwa Utengule, mahali ambapo Wahehe waliufukuza ukoo wake zamani. Hapa tuseme ukweli: majirani hawakuwapenda Wajerumani kuliko sisi. Walikuwa na deni letu. Tuliwapiga sana siku za Munyigumba na za mwanawe, nao walipoona mtu mwenye nguvu anatupiga, walisogea upande wake. Hata askari waliotushambulia wengi walikuwa Waafrika, Wasudani na Wazulu walioanza kuajiriwa mwaka 1889. Maofisa Wajerumani walikuwa wachache mno kuishika nchi kama hii kwa mikono yao wenyewe.

Kisha likaja suala la Mpangile. Mwishoni mwa 1896 Prince alimsimika huyu ndugu wa Mkwawa awe mtawala wa Wahehe. Februari 1897 alimnyonga. Kosa lake? Alishukiwa kumsaidia kaka yake kwa siri. Nimewahi kumsikia mzee mmoja msibani akimwita Mpangile msaliti, na watu wakanyamaza. Mimi sikunyamaza moyoni. Msaliti hanyongwi na yule aliyemfanyia kazi, tena kwa tuhuma za kuwa mwaminifu kwa nduguye. Inawezekana alikubali kiti ili watu wapate kulima msimu ule. Inawezekana alikitaka. Hakuachiwa muda wa kutuonyesha.

Baada ya hapo ilikuwa njaa. Wajerumani waliweka rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa, lakini kilichomwandama zaidi ni kukosa chakula, maana kila kijiji kilichompa unga kilijua kitakachofuata. Tarehe 19 Julai 1898 sajenti meja Merkl alimkuta amekwisha kufa. Wakati huo kodi ya kibanda ilikuwa imekwisha kuanza katika koloni, na waliosimama kati ya boma na wananchi walikuwa wanzagila wale wale. Baadhi yetu tunaochangia bweni la wasichana mwaka huu ni wajukuu wao, na wengine ni wajukuu wa waliochomewa nyumba. Mimi nina damu ya pande zote mbili, upande wa baba na upande wa mama.

Fuvu la Mtwa lilirudi tarehe 19 Juni 1954, akalipokea Chifu Adam Sapi. Jina halikurudi. Iringa, yaani lilinga, ngome, lilikuwa jina la Kalenga. Prince alilibeba akalipa boma lake jipya kilimani, na huo ndio mji tunaouita nyumbani.