Upotevu wa nyamapori katika Ozi

Ozi ni kijiji cha wakulima, wengi wao Wapokomo Waislamu, karibu na Kipini, mto Tana unapoingia baharini. Katika delta hii wamo kiboko, nyati na mamba, na uwindaji ulikuwa sehemu ya maisha kabla Kenya haijaupiga marufuku mwaka 1977. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza hata uwindaji wa kitoweo. Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa kila windo ni kosa, hakuna haja ya kupima maadili yake. Hoja hiyo haitoshi: sheria inamtaja mkosaji, lakini haielezi kwa nini mtego wa waya ni mbaya kuliko mshale.

Mpiga mshale huchagua mnyama mmoja, humfuata, na akimkuta hai humchinja. Waya hauchagui, hunasa jike mwenye mimba na ndama vilevile, na mtegaji akichelewa hukuta mzoga. Kwa Mwislamu huo ni nyamafu, haramu kuliwa, hivyo uhai umepotea bila hata mlo mmoja. Kinyume chake, hata wawindaji wa Kiwaata, maarufu kwa mishale ya sumu, walikata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha tu na kula iliyobaki. Ni kweli kwamba waya ni rahisi kwa maskini, na njaa ni hoja nzito. Lakini nyama inayooza msituni haimshibishi maskini huyo, wala haimwachii mwanawe mnyama wa kesho.