Ufunguo wa Gari na Fundi Wake

Zama za magari ya awali injini iliamshwa kwa hendeli, ambayo wakati mwingine ilirudi nyuma kwa ghadhabu ikamvunja mkono mwenye kuizungusha. Na ingawa Cadillac ya mwaka 1912 ilileta stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering, ilikuwa mpaka 1949 ndipo Chrysler ilipoujaalia ufunguo wenyewe kuamsha injini kwa kuzungushwa tu.

Aliyeupoteza alimwendea fundi mwenye jiliwa na tupa, naye, hata pasipo pacha wa kuigiza, alitia kitasani ufunguo wa shaba usiochongwa, akautikisa taratibu, akautoa na kuukabili mwangani, apate kuona vialama vyembamba vilivyoachwa na pini, kisha akapiga tupa kidogo, akarudia tena na tena, hata kitasa kikaridhia. Sanaa hiyo naihusudu hadi leo.

Mwaka 1986 Corvette ilitiwa ufunguo wenye kidonge cha kuukinza umeme, kimoja kati ya namna 15, na gari likikitambua kuwa sicho hugoma kwa dakika kadhaa. Katika miaka ya tisini ikaja, ndani ya ufunguo, chembe ya kielektroniki isiyo na betri, ipatayo nguvu zake kutoka koili iliyozunguka kitasa na kujibu kwa namba ya siri. Uingereza ikawajibisha kinga ya namna hiyo kwa magari mapya tangu Oktoba 1998. Tangu hapo meno yaliyochongwa barabara hufungua mlango, bali aghalabu injini haingurumi ila fundi ameunganisha kompyuta na kulifundisha gari kumjua mgeni wake.